Ni sifa au ni deni? Neno "outstanding" kwenye karatasi ya shule, ya mkopo na ya ofisi

(Muziki wa kufungua. Sauti inashuka taratibu.)

Sehemu hii ni yako pia wewe ambaye hukutupata redioni na sasa unaisoma karatasi hii, iwe uko Lobule kule Koboko, Rhino Camp, Imvepi, au umepanga chumba mjini Arua. Karibu katika sehemu yetu ya kueleza neno moja la Kiingereza ambalo watu wetu hukutana nalo kwenye karatasi.

Neno la leo ni "outstanding". Herufi zake ni o-u-t-s-t-a-n-d-i-n-g. Linatamkwa aut-STEN-ding, na nguvu ya sauti inawekwa katikati. Ni neno la sifa kubwa. Mwalimu akimwandikia mwanao neno hili, amempa heshima. Lakini neno hilo hilo, kwa herufi hizo hizo, lilinifanya nikae nyumbani wiki tatu wakati wenzangu wako darasani. Nitaanza na habari hiyo, kisha tutalifungua neno pamoja.

Mwaka 2017 nilikuwa S.2 katika shule moja ya sekondari huku kwetu. Muhula ulipokwisha nilimletea Papa ripoti. Papa yangu alisoma Kongo, kwa Kifaransa, na Kifaransa chake ni kizuri. Kiingereza alikuwa anakisoma kwa kukisia. Alipita kwenye alama, akafika chini kabisa, akakuta mstari umeandikwa kwa kalamu: "Outstanding: 74,000". Akaniuliza maana yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisikia neno hilo mara moja tu, siku mwalimu wa Kiingereza alipomsifu msichana mmoja kwa insha yake. Nikamwambia Papa, hili ni neno la sifa. Tukamwita na kijana wa jirani aliyekuwa darasa la saba, naye akasema ndiyo, mwalimu wao huliandika kwenye daftari la mtu aliyefanya vizuri sana.

Hatukumdanganya Papa. Tulimpa nusu ya maana.

Ile 74,000 Papa aliichukua kama hesabu ya alama zangu zote, labda kwa namna ya Uganda ambayo yeye haijui. Alikuwa na pesa za simsim aliyoiuza, kama silingi 80,000, amezifunga kwenye kitambaa. Alichinja jogoo. Alinunua sukari na soda, akaita majirani. Asubuhi yake akapanda gari kwenda soko la Arua kuninunulia viatu vyeusi. Pesa iliyobaki akaiweka kwa ajili ya muhula mpya.

Siku ya kufungua shule mhasibu alisimama getini na orodha. Jina langu lilikuwemo, na pembeni yake 74,000, deni la muhula uliopita. Nilirudi nyumbani na viatu vyangu vipya. Papa alisikiliza, akaitoa ile ripoti, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Sasa walinisifu au walinidai?"

Swali hilo la Papa ndilo somo letu la leo.

(Muziki mfupi.)

Tulianze neno kwa mzizi wake. "Out" ni nje. "Stand" ni kusimama. Kwa hiyo "outstanding" ni kitu kilichosimama nje, kilichojitokeza.

Fikiria wanafunzi wamepangwa mstari mmoja uwanjani. Mmoja anapiga hatua mbele. Macho yote yanamwona yeye kwanza. Huyo amesimama nje ya mstari kwa uzuri. Kiswahili kinasema ametia fora, au ni wa kupigiwa mfano. Hapo ndipo inapotoka maana ya sifa.

Sasa fikiria wanachama wa kikundi cha akiba wanarudisha mikopo, na pesa zinaingia kwenye boksi moja baada ya nyingine. Mkopo wa mtu mmoja haujaingia. Uko nje bado, umesimama huko nje, unangojewa. Hapo inatoka maana ya deni. Kitu hakijalipwa, hakijaletwa, hakijamalizika.

Kwa hiyo maana zote mbili ni za kitu kilicho nje ya mstari. Mmoja yuko nje kwa sababu amewapita wenzake, mwingine yuko nje kwa sababu hajaingia. Katika maandishi ya Waingereza, maana ya deni ilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1700, na maana ya sifa ikaonekana baadaye kidogo, katika miaka ya 1800. Leo zote mbili ziko hai na zinatumika kila siku.

Wewe uliyesoma Kifaransa, angalia jambo hili, maana ndilo lililomponza Papa. Kifaransa kina neno la sifa, "remarquable", na kina neno lingine kabisa la pesa isiyolipwa, "impayé". Hayafanani hata kidogo. Papa hakuwa na sababu ya kushuku kwamba Kiingereza kimeweka mambo hayo mawili ndani ya neno moja.

Usidhani Waingereza peke yao ndio wenye tabia hii. Sisi wenyewe tunasema mbwa mkali, na tunamwogopa. Kisha tunasema yule kijana ni mkali wa mpira, na tunampigia makofi. Neno ni moja, lakini hakuna anayekosea, kwa sababu tunamtazama anayesemwa. Kwa "outstanding" pia, dawa ni kutazama neno linalofuatana nalo. Matamshi hayatakusaidia. Iwe sifa, iwe deni, linatamkwa sawasawa.

(Muziki mfupi.)

Nitakupa sasa maana tatu, na maneno yanayotembea na kila maana. Ukiwa na kalamu, yaandike nyuma ya kitabu cha mtoto.

Maana ya kwanza ni sifa. "Outstanding" ni sifa inapoambatana na mtu au kazi ya mtu. "Outstanding student" ni mwanafunzi aliyetia fora. "Outstanding performance" ni matokeo au kazi ya hali ya juu sana. "Outstanding leader" ni kiongozi wa kupigiwa mfano. "Outstanding work", kazi bora sana.

Maana ya pili ni deni. Hapa neno linaambatana na pesa. "Outstanding fees" ni ada ambayo haijalipwa, ile ambayo wengine nyumbani bado tunaiita minervali. "Outstanding loan" ni mkopo ambao haujarudishwa. "Outstanding amount" ni kiasi kinachodaiwa. Na "outstanding balance" ni deni lililobaki.

Hilo la mwisho lina mtego mwingine ndani yake. Kwenye simu, ukiangalia pesa zako, unaambiwa "your balance is" halafu namba. Hiyo "balance" ya kawaida ni pesa yako, unaweza kuitoa ukanunua unga. Lakini ukikopa kwa simu, ujumbe unakuja na "outstanding balance". Hiyo si pesa yako. Ni pesa unayodaiwa. Kwenye simu, ukiona "balance" peke yake, kwa kawaida ni salio lako. Ukiona "outstanding" imekaa mbele yake, ni deni lako. Kuna watu wamekwenda kwa wakala na ujumbe wa namna hiyo kuomba kutoa pesa, wakarudi wanachekwa. Wewe usimcheke mtu kama huyo. Mweleze.

Maana ya tatu ni jambo ambalo halijakamilika, hata kama halina pesa ndani. "Outstanding documents" ni karatasi ambazo bado hujazileta. "Outstanding issues" ni mambo ambayo hayajatatuliwa. "Outstanding case" ni kesi au faili ambalo halijamalizika.

Maana hii ya tatu inawaumiza zaidi vijana wanaoomba ufadhili wa masomo. Chukua mfano wa kijana anayeomba DAFI, ule ufadhili wa chuo kwa wakimbizi ambao UNHCR na serikali ya Ujerumani waliuanzisha mwaka 1992, au ufadhili mwingine wowote. Anatuma maombi. Jibu linakuja: "Outstanding documents", na chini yake orodha ya karatasi tatu. Akidhani karatasi zake zimesifiwa, atakaa nyumbani kungoja kuitwa. Tarehe ya mwisho itapita. Hakuna mtu atakayempigia kumwambia amekosea kusoma. Jibu lile lilikuwa linamwambia: karatasi hizi tatu hatujazipata, zilete.

Kwetu Wakongomani, karatasi inayokosekana mara nyingi ni ile ya shule tuliyoiacha nyuma. Ukiwa na cheti cha Kongo, shule au chuo cha Uganda kinaweza kukutaka uwe na barua ya UNEB, Bodi ya Taifa ya Mitihani ya Uganda, inayolinganisha cheti chako na cha hapa. Barua hiyo ikiwa bado, ndiyo itaandikwa "outstanding". Na kama cheti chenyewe kiliungua au kilipotea njiani wakati wa kukimbia, usinyamaze. Waeleze mapema kwa maandishi, uulize wanakubali karatasi gani badala yake.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuje kwenye mtihani wa S.4, kwa sababu huko neno hili limepewa kiti chake maalum, na maswali mengi mnayotuletea yanatoka huko.

Mwaka 2020 Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa UCE mwaka 2024, na UNEB ikatoa matokeo yao Februari 2025. Katika matokeo hayo mapya hakuna tena divisheni ya kwanza, ya pili au ya tatu. Kila somo linapewa herufi, kuanzia A hadi E, na kila herufi ina neno lake.

A ni "Exceptional", yaani wa pekee, wa nadra kumpata.
B ni "Outstanding", yaani aliyetia fora.
C ni "Satisfactory", yaani anaridhisha.
D ni "Basic", yaani ana uwezo wa msingi.
E ni "Elementary", yaani bado yuko chini ya kiwango cha msingi.

Kwa hiyo mwanao akipata B, hajashindwa kitu. Ameandikiwa neno la sifa kubwa, na UNEB yenyewe inaeleza kwamba herufi hiyo ni ya uwezo wa kiwango cha juu. Hapa Uganda "Outstanding" imewekwa ngazi ya pili. Huko England, wakaguzi wa shule walilitumia neno hilo hilo kama ngazi ya juu kabisa ya kuipima shule nzima, mpaka walipoacha kutoa neno moja kwa shule nzima mwaka 2024. Neno linaweza kukaa ngazi tofauti, kulingana na nani ameipanga ngazi. Kabla ya kufurahi au kusikitika, tafuta jedwali lake, uone liko wapi.

Neno moja kuhusu C pia. Wale mliofika chuo Kongo mnajua "satisfaction", kisha "distinction", kisha "grande distinction". Mtu mwenye "satisfaction" amefaulu. Basi "Satisfactory" ya UNEB isikutie aibu. Mtoto ameridhisha.

Nina sababu ya kulisema hili. Mama mmoja wa Lobule alituambia kwamba binti yake alipomletea karatasi ya matokeo, aliliona neno "outstanding" mara nne. Yeye neno hilo alikuwa analijua vizuri, kutoka kitabu cha mikopo cha kikundi chao cha akiba. Moyo ukamshuka. Akajisemea, madeni manne, nitayatoa wapi? Akaikunja karatasi, akaificha ndani ya sufuria, na hakumruhusu binti kwenda shuleni kuuliza habari za S.5, kwa kuogopa kwamba wakimwona tu watamdai. Siku zikapita. Binti ndiye aliyekwenda kwa siri kwa mwalimu wake, na mwalimu akaja nyumbani kumweleza mama kwamba zile ni B nne.

Papa yangu aliona deni akafikiri ni sifa. Mama wa Lobule aliona sifa akafikiri ni deni. Wote wawili walikuwa wanalijua neno. Kilichowakosesha ni kwamba kila mmoja alijua upande mmoja tu, na alipojua huo mmoja hakuona sababu ya kuuliza tena.

(Muziki mfupi.)

Tufanye zoezi. Wewe unayesoma, weka kiganja chako juu ya majibu, soma kwanza sentensi zote nne.

Ya kwanza: "Your daughter showed outstanding discipline this term."

Ya pili: "Please clear all outstanding fees before visitation day."

Ya tatu: "You have no outstanding loan."

Ya nne: "He is an outstanding player, but his registration is still outstanding."

Majibu.

Ya kwanza ni sifa. Neno limekaa na "discipline", yaani nidhamu. Binti yako ameonyesha nidhamu ya kupigiwa mfano muhula huu.

Ya pili ni deni. Limekaa na "fees". Unaombwa kulipa ada yote iliyobaki kabla ya siku ya wazazi kutembelea shule.

Ya tatu ni habari njema. Mtu akiona "no" mbele anaweza kufikiri amenyimwa sifa. Hapana. Unaambiwa huna mkopo unaodaiwa. Barua ya namna hii itunze, inaweza kukusaidia siku ukiomba mkopo mwingine.

Ya nne ina zote mbili ndani ya sentensi moja. Kijana ni mchezaji aliyetia fora, lakini kuandikishwa kwake bado hakujakamilika. Anasifiwa na anangojewa. Kama ni mwanao, furahi, kisha umpeleke akaandikishwe.

Umeona kwamba hukuhitaji kujua Kiingereza chote. Ulitafuta mambo matatu tu. Je, neno la jirani linasema nini? Je, kuna namba ya pesa karibu? Je, kuna tarehe ya mwisho? Ukiona pesa, fikiria deni kwanza. Ukiona tarehe na orodha ya karatasi, fikiria kitu ambacho bado hujakileta. Ukiona mtu au kazi yake, bila pesa wala tarehe, hapo ni sifa. Na kama neno limeandikwa peke yake na namba, kama kwenye ripoti yangu, usiseme lolote kwa majirani mpaka umeuliza shuleni.

(Muziki mfupi.)

Ukishajua kwamba ni deni, fanya nini?

Nenda shuleni mwenyewe, na karatasi mkononi. Mwombe mhasibu akuonyeshe deni hilo limetoka wapi: ada ni kiasi gani, chakula ni kiasi gani, sare ni kiasi gani, na muhula gani. Nenda na risiti zako zote au slipu za benki. Kuna wakati umelipa na malipo hayajaandikwa kwenye jina la mtoto wako, hasa kama majina yake ya Kikongo yamepinduliwa, la kwanza limekuwa la mwisho. Hapo deni litafutwa kwa risiti.

Kama deni ni la kweli na huna pesa, omba kulipa kidogo kidogo, na makubaliano hayo yaandikwe, mpate nakala kila upande. Usimpe mtu pesa mkononi bila risiti. Na kama kwenda peke yako kunakupa hofu, mwombe mwenyekiti wa wakimbizi wa eneo lako akusindikize, au mtu yeyote unayemwamini anayesoma Kiingereza. Lakini mwambie akusomee sentensi nzima. Mimi na yule kijana wa jirani tulisoma neno moja tu, tukaacha namba iliyokuwa imekaa kando yake.

Papa yangu alifanya hivyo baadaye. Mwalimu mkuu alikubali alipe nusu kwanza. Aliuza kuku wawili waliobaki na muhogo, nami nikarudi darasani wiki ya nne. Nilikuta wenzangu wamemaliza sura mbili za hisabati, na hisabati ndiyo iliyonisumbua mpaka S.4. Viatu nilivivaa mpaka vikaisha.

Kabla hatujaachana, kuna vijana wanaotaka kulitumia neno hili wenyewe, kwa mfano katika barua ya kuomba kazi. Nina ushauri mdogo. Usijiite wewe mwenyewe "outstanding". Kwa Kiingereza, kama kwa Kiswahili, mtu mwenye adabu hajipigii makofi. Andika ulichokifanya: umefundisha watoto wangapi, umeongoza kikundi gani, kwa muda gani. Neno hilo mwachie mwalimu wako aliandike katika barua ya kukupendekeza, nalo litakuwa na uzito. Tena Waingereza hawana desturi ya kuweka "very" mbele yake, kwa sababu lenyewe tayari limefika juu. Inatosha kusema "outstanding work". Na usilimwage kila mahali. Ukimsifu kila mtu kwa neno hili, siku utakayokutana na aliyetia fora kweli hutakuwa na neno la kumpa.

Na wewe mwalimu, au mhasibu, au katibu wa kikundi, unayetusikia huko uliko: unapowaandikia wazazi wetu kuhusu deni, tunakuomba uongeze maneno mawili tu ya Kiswahili, "deni lililobaki", kando ya lile la Kiingereza. Ni kazi ya dakika moja. Na unapoandika sifa, ongeza "hongera". Mzazi asiyejua Kiingereza atajua siku hiyo hiyo kama anaitwa kulipa au anaitwa kufurahi.

Siku hizi Papa yangu ana desturi yake. Karatasi yoyote ya Kiingereza ikifika nyumbani, hata ya wadogo zangu walioko shule ya msingi, anakaa chini, anavaa miwani, anatafuta neno lile. Akilikuta hafurahi wala hakasiriki. Ananiita, ananinyooshea kidole penyewe, ananiuliza, "Hapa je? Ni sifa au ni deni?" Mwezi uliopita ilikuwa sifa, ya mdogo wangu wa darasa la sita. Nilimsomea sentensi yote mpaka nukta. Akaniomba niirudie. Nikairudia.

Msikilizaji, nenda sasa ukatoe karatasi ulizozikunja. Tafuta neno hili. Ukilipata na ukashindwa kujua ni la upande gani, usiliache hivyo hivyo. Uliza leo.

Tukutane kipindi kijacho na neno lingine. Mpatie jirani karatasi hii akimaliza kupika. Kwaheri.

(Muziki wa kufunga.)